Tarehe Iliyoangukia Bamvua

Saa 12 kasorobo asubuhi tulikuwa tumeshafika Bweni, upande wa kusini wa mto Pangani, tunasubiri kivuko. Bodaboda iliyotuleta kutoka Kipumbwi ilikwisha kugeuza na kuondoka, na taa za mji wa Pangani zilikuwa bado zinawaka ng'ambo. Shangazi alikaa juu ya ndoo aliyopewa na mchuuzi wa samaki, khanga imemfunika mpaka masikioni kwa ajili ya umande, uso ameuelekeza kwenye mji asiouona tena. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kivuko alikisikia kabla mimi sijakitofautisha na weusi wa maji.

"Kimeng'oa," akaniambia. "Nyanyuka, mwanangu."

Mkono wake wa kulia haukutoka kifuani. Pale kwenye pindo la khanga, alipopiga mafundo mawili, kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko barua ya rufaa, kitambulisho na daftari dogo la matibabu. Kila tulipopanda na kila tuliposhuka alilipapasa lile fundo. Hasomi, lakini anajua muhuri uko kona ipi ya barua, na alishanionya nisije nikaikunja penye muhuri.

Tulipofika katikati ya mto akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Hakuwa akiuliza Mei wala Juni. Watu wetu wanauliza mwezi wa kuandama, unaohesabiwa angani. Nikamjibu kumi na nne. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi kesho wenzangu wote wako majini."

Kwa msomaji wa bara nieleze. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kutoka sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali. Shangazi ni mkulima wa mwani, na mwani kazi yake ni ya bamvua. Kwenye pwani hii maji ya bamvua hutoka asubuhi. Ikifika saa 4 ufuko uko mtupu, na wanawake wanashuka na kamba, vigingi na mafungu ya mbegu. Wana saa tatu, nne, kisha maji yanarudi. Siku za namna hiyo ni tano au sita, halafu unangoja mpaka bamvua nyingine, kama wiki mbili hivi. Mwani ukipandwa hukaa takriban wiki 6 ukawa tayari. Ukiukosa wakati wake, unakatika wenyewe na kuchukuliwa na mawimbi.

Nimemwona Shangazi akifunga mwani. Anakaa kwenye maji yanayomfika kiunoni, anapapasa kamba, anakuta tai-tai, ule uzi mfupi wa kufungia, anapitisha kijiti cha mwani, anakaza, anasogea shubiri moja, anarudia. Vidole havingoji macho. Kinachomshinda ni kurudi: kulijua shamba lake kati ya mashamba ya wenzake, kuona kigingi kabla hajakigonga kwa ugoko, kuona nyenga na mwiba wake.

Safari hii haikuwa ya kwanza. Kabla yake alikwenda kwa mwanawe, nje ya mkoa wetu, na huko akapewa tarehe katika hospitali moja. Alikwenda, akaambiwa daktari amesafiri, arudi baada ya wiki 4. Akarudi, kifaa cha kupimia macho kilikuwa kibovu. Wiki 4 nyingine. Mara ya tatu faili halikuonekana. Namba ya simu ya mwanawe ilikuwa imeandikwa kwenye kila karatasi aliyowahi kupewa, na hakuna aliyempigia kumwambia asije. Alijua habari akiwa dirishani, nauli imekwisha kuliwa na njia. Mara zote tatu ilikuwa bamvua. Sikulielewa hilo mpaka siku ile kivukoni, alipoanza kunihesabia: tarehe ya kwanza mwezi ulikuwa ngapi, ya pili ngapi, ya tatu ngapi. Aliyeandika wiki 4 hakukusudia ubaya. Lakini wiki 4 ni karibu mwezi mzima wa kuandama. Ukianzia bamvuani utarudi bamvuani. Ukiandika wiki 2, vilevile. Mkulima wa mwani aliyepewa tarehe ya kwanza ikaangukia bamvua, hatatoka humo. Kila kliniki itamtoa majini siku ambayo bahari inamwita.

Na matibabu anayoyasubiri ni upasuaji ambao kwa kawaida huchukua chini ya nusu saa kwa jicho moja. Mtoto wa jicho ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na ni upofu unaoondolewa.

Siku hizo zilizopotea zinanikumbusha hadithi ya Babu. Jirani na Bweni, upande uleule wa kusini, ni Kikokwe. Mwaka 1893 mimea 62 ya mkonge iliyosalimika katika safari ndefu kutoka Florida ilipandwa pale, na kutoka kwenye mimea hiyo likatoka zao lililoupa mkoa wa Tanga umaarufu wake. Kufikia 1964 nchi hii ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge kwa mwaka. Babu yangu, baba yake Shangazi, alikata mkonge. Alikuwa akituhadithia kwamba akijikata au akipata homa, alitibiwa zahanati ya shamba siku hiyohiyo, kwa sababu msimamizi alitaka aonekane kazini kesho yake. Nimekuwa nikiifikiria sana hadithi hiyo. Siku ya Babu ilikuwa na mtu anayeihesabu. Siku ya binti yake, aliyejiajiri mwenyewe baharini, haimo kwenye daftari la mtu yeyote, na ndiyo maana ni rahisi kuipoteza.

Pangani tulikunywa chai, tukapanda haisi. Barabara ya kwenda Tanga ni kilomita 50 hivi. Minazi, mkonge, Kigombe, kisha Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Shangazi alilala njia nzima, mkono kifuani.

Ngazi ya matibabu katika nchi yetu wengi tunaijua kwa miguu kuliko kwa maandishi. Chini kuna zahanati, halafu kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, halafu hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu ya hizo kuna hospitali za kanda na za taifa. Mpango wa afya ya msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na ingawa haukufika kila mahali, ulileta ngazi ya kwanza karibu na mlango wa mwanakijiji. Hilo ni jambo kubwa na sitalipunguza. Ila hospitali ya wilaya na ya mkoa zilibaki pale zilipokuwa, ng'ambo ya mto. Tena tangu 2017, hospitali za rufaa za mikoa zilipohamishiwa Wizara ya Afya, barua inayotoka hospitali ya wilaya kwenda ya mkoa inatoka pia mikononi mwa TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, na kuingia kwenye wizara nyingine. Mgonjwa haoni mpaka huo. Anachoona ni kwamba aliyeandika barua na anayeipokea hawajuani, na kiungo kati yao ni yeye mwenyewe na fundo lake la khanga.

Barua hiyo ndiyo mlango. Kaya yenye kadi ya CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii uliokuwa ukilipiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu 6, ilipofika hospitali ya mkoa bila rufaa ililipa kama isiyo na kadi. Ndiyo maana watu wamezoea kutoruka ngazi. Wanazipanda moja moja, na kila moja ina foleni yake na tarehe yake.

Tanga tulilala Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zinazotajwa kwa namba, nyumbani kwa binamu yake Shangazi. Sikuwa nimewahi kuiangalia nyumba ile vizuri. Nyuma ya mlango wa chumba cha uani kuna magodoro matatu yamesimamishwa, na usiku ule yote yalilazwa chini. Wageni hatukuwa sisi peke yetu. Alikuwapo mzee wa makamo kutoka upande wa Horohoro, mpakani na Kenya, na mama kijana kutoka Maramba mwenye mtoto wa miaka mitatu. Wote walikuwa na tarehe. Tulikula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga kwenye sinia moja, na mazungumzo yalikuwa ya dirisha lipi, daktari yupi anakuja siku gani, na usije bila kivuli cha kitambulisho.

Yule mzee hakusema anaumwa nini mpaka wanawake walipoingia ndani. Alivaa kanzu pana, na alikaa upande upande. Ana ngirimaji, yaani busha, mwaka wa kumi na moja sasa. Wenyeji wa pwani hii wanaijua hali hiyo tangu zamani. Minyoo ya matende na mabusha huenezwa na mbu, na mkoa wa Tanga umekuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Dawa za kingatiba, zilizogawiwa kwa umma mara moja kwa mwaka, zimepunguza sana maambukizi mapya. Lakini busha lililokwisha kuota haliondoki kwa kidonge, linahitaji kisu. Nikamuuliza kwa nini amengoja miaka yote hiyo. Akaniambia foleni ya hospitali yeye hakuiogopa. Alichoogopa ni kusimama kwenye mstari ambao kila mtu angejua ni wa nini. Alijitia moyo pale jirani yake alipotangulia, akarudi mzima, akamwambia wazi wazi mbele ya barza. Hapo nikajua kuwa baadhi ya kungoja huanza miaka mingi kabla ya barua kuandikwa, na dawa yake ni jirani asiyeona haya.

Yule mama kijana barua yake ilikuwa ya hospitali ya KCMC, Moshi. Alikuwa aamke saa 9 usiku kuwahi basi kituo cha Kange. Kwa watu wa Tanga rufaa za juu hugawanyika Segera. Ukifika pale njia panda, upande mmoja ni Moshi, upande wa pili ni Dar es Salaam penye Muhimbili, na kila upande kutoka Tanga ni takriban kilomita 350. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni anaibeba ile barua kilomita 350 bila kujua kama daktari aliyeandikiwa yuko kazini siku hiyo. Tulimchangia nauli pale sebuleni. Mwenye nyumba alitoa wa kwanza.

Nilimuuliza mwenye nyumba anapokea wagonjwa wangapi kwa mwezi. Akacheka kwa upole, akasema hajawahi kuhesabu, ila tangu aolewe nyumba haijapitisha mwezi bila mgonjwa asiye wa kwake. Nyumba kama yake Tanga ni nyingi. Bila hizo, tarehe nyingi zinazoandikwa kwa watu wa Mkwaja na Kipumbwi zisingewezekana, kwa sababu hakuna atokaye ng'ambo ya mto akafika dirishani saa 1 asubuhi siku hiyohiyo. Godoro, maji ya kuoga, sinia la muhogo, yote hayo ni sehemu ya matibabu ya mkoa huu, na yanalipwa na wanawake wa Ngamiani.

Alfajiri tulichukua bajaji mpaka Bombo. Hospitali ya rufaa ya mkoa imekaa juu ya ufuko, upepo wa bahari unaingia kila korido. Jengo kongwe la enzi ya Wajerumani, lile watu wanaloliita Cliff Block, limesimama tupu na matao yake, na karibu yake majengo mapya yanafanya kazi. Nje, chini ya miti, ndugu wa wagonjwa walikwisha kutandika mikeka. Chupa za chai, vitumbua kwenye hotipoti, mtoto analala, mtu anasoma uradi. Nilidhani nitakuta manung'uniko. Nilikuta utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Ukifika unauliza, "Nani wa mwisho?" Mtu anainua mkono. Unamkariri uso, unakaa popote upendapo, hata kivulini mbali, na nafasi yako iko palepale kwa sababu uko nyuma ya uso ule. Anayekuja baadaye anaukariri wako.

Shangazi aliuliza, "Nani wa mwisho?" Mwanamke mmoja akaitika. Shangazi akageuka upande wa sauti, akasema, "Mimi uso wako sitauona, mwanangu."

Yule mwanamke, sikumjua na sikumuuliza jina, alisogea kwenye benchi, akachukua ncha ya khanga yake, akaiweka kwenye kiganja cha Shangazi na kukifumba. "Shika hapa, bibi. Nikinyanyuka utajua."

Wakakaa hivyo zaidi ya saa nzima. Nilikuwa na kazi ya kufanya, kupeleka karatasi dirishani na kurudi, na kila niliporudi niliikuta ile ncha ya khanga mkononi mwake, ya rangi ya manjano yenye ukingo mweusi, imekunjamana kwa jasho. Walikuwa wakizungumza habari za mwani. Yule mwanamke ni wa Pongwe, hajawahi kuuona unavyofungwa. Baadaye nesi alipita akamwona Shangazi, akasema mzee huyu asikae foleni, wazee wenye miaka 60 na zaidi wana dirisha lao. Ni kweli, na tangazo la kumpisha mzee lilikuwa limebandikwa ukutani juu ya kichwa chake mwenyewe, mahali ambapo mwenye mtoto wa jicho hawezi kulisoma. Shangazi aliinuka, lakini hakuiachia ile khanga mpaka alipoaga vizuri.

Daktari wa macho alimpima kwa makini, akamweleza taratibu, jicho la kulia kwanza. Kisha tukaenda mezani kwa nesi mwingine kupangiwa tarehe ya upasuaji. Mama wa umri wangu, lafudhi ya hukuhuku pwani. Akafungua daftari. "Wiki mbili kamili, Alhamisi."

Nikamwona Shangazi akihesabu kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole. Hakusema kitu. Watu wetu hawabishani na mtu mwenye daftari. Nikasema mimi: dada, samahani, bibi huyu analima mwani Kipumbwi, na Alhamisi hiyo mwezi utakuwa umeandama.

Nesi akainua kichwa. "Ni bamvua?"

"Bamvua," Shangazi akajibu mwenyewe.

Yule dada akatoa simu, akatazama kalenda ya Kiislamu, akarudi kwenye daftari, akafunua ukurasa mmoja mbele. "Wiki tatu basi, bibi. Utakuwa mwezi sita au saba, maji mafu. Utaweza kungoja wiki moja zaidi?"

"Hiyo naiweza," Shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Bweni akashusha mkono kutoka kifuani.

Nilitazama saa. Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili. Hayakuhitaji bajeti, kifaa wala semina. Najua foleni zetu zina sababu kubwa kuliko kalenda: madaktari bingwa ni wachache, na wengi wao wako miji mikubwa. Kampeni ya mwaka 2024 ya kuwapeleka madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri kwa siku 5 ilinifurahisha kwa jambo moja mahsusi, kwamba daktari ndiye aliyevuka mto. Naomba siku hizo ziongezwe, na zirudi kila mwaka bila kukosa, watu wazijue kama wanavyoijua Maulidi. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 nayo ikitekelezwa ipasavyo itawaondolea wengi hofu ya bili. Lakini bima haitamwambia mgonjwa wa Mkwaja kwamba daktari amesafiri. Simu itamwambia, na namba yake iko kwenye faili.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika tarehe, katika hospitali yoyote ya mwambao huu, muulizeni mgonjwa mambo mawili kabla hamjashusha kalamu: unatoka wapi, na siku hiyo una kazi gani? Vipimo vinavyowezekana siku moja viwekeni siku moja. Siku ikivunjika, pigeni simu. Na wewe msomaji mwenye shangazi au mjomba kijijini, usimwache aende peke yake na barua kifuani. Kuna maneno ambayo mgonjwa mnyenyekevu hatayasema mpaka awe na mtu wa kuyaanza.

Tulirudi Pangani jioni, tukavuka na kivuko. Shangazi anafanyiwa upasuaji Alhamisi ya wiki ya tatu. Magodoro ya Ngamiani yamekwisha kuombwa.